Harufu ya Kwenye Ngumi: Kumsafisha Mgonjwa Asiyeinuka Kitandani

Kwa siku tatu chumba cha shangazi kilinuka na hatukujua harufu inatoka wapi. Tulibadilisha shuka, tukaanika godoro juani, tukapiga deki kwa dawa, tukafukiza udi. Harufu ikarudi. Siku ya nne nilikuwa namfuta mkono wa kulia, ule uliopooza, nikaamua kuifungua ngumi yake, kidole kimoja kimoja. Ndani ya kiganja ngozi ilikuwa imelowa na kubadilika rangi kama ya mtu aliyefua kutwa nzima, na kucha ya kidole cha kati ilikuwa imeshaanza kuchimba nyama. Harufu ilikuwa humo. Tangu kiharusi kimpate, wiki sita nyuma, ngumi ile ilikuwa imejifunga, na kila aliyemwogesha alipitisha kitambaa juu yake akaendelea na safari.

Watu wengi huchukulia kumwogesha mgonjwa kuwa kazi ya maji na sabuni, kazi ambayo hakuna haja ya kufundishwa mtu aliyekwisha kulea watoto. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kutazama. Sisi wazima tunajikagua kutwa bila kujua: kiatu kikibana tunakivua, upande ukifa ganzi tunajigeuza usingizini. Aliyelala hana njia hiyo. Na kiharusi kikimpiga mtu upande wa kushoto wa ubongo, mwili hupooza kulia na mara nyingi maneno nayo hupotea, kwa hiyo hata kinachomuuma hawezi kukisema. Zile dakika 20 za kuogeshwa ndizo pekee kwa siku ambazo kuna mtu anauona mwili wake wote.

Au anatakiwa auone, maana hapo ndipo lilipo fundo. Binamu yangu, mtoto pekee wa shangazi, alimwogesha mama yake wiki nzima kabla sijafika, akiwa ameelekeza uso ukutani. Mkono unaingia chini ya kanga, unasugua, unatoka. Alifanya kwa heshima zote, na sidhani kuna mtu mtaani ambaye angemlaumu. Mtoto wa kiume hamtazami mama yake uchi. Lakini kwa kuwa hakutazama, hakuona kwamba juu ya kifandugu, ule mfupa wa chini kabisa mgongoni, palikuwa pameanza kuwa peusi na pagumu.

"Kaka, hapa umewahi kupaona?"

"Nitapaonaje, dada, na huyu ni mama yangu?"

Stara inasema usitazame. Ngozi ya mgonjwa inataka itazamwe kila siku. Familia nyingi hukwama hapa, na nyingi huchagua stara bila kujua kwamba zimechagua. Manesi walishalifungua fundo hili zamani kwa mbinu ambayo haihitaji kifaa chochote zaidi ya kanga mbili: mwili haufunuliwi wote, unafunuliwa kipande kwa kipande. Mgonjwa amefunikwa kanga toka shingoni hadi miguuni. Unatoa mkono mmoja, unauosha, unaukausha, unautazama, unaurudisha chini ya kanga. Kisha wa pili. Kifua unakifunua kwa kushusha kanga ya kwanza hadi tumboni huku ya pili ikisubiri. Kwa namna hiyo hakuna dakika hata moja ambayo mtu amelala uchi, na hakuna sehemu ambayo haikuonwa. Anayeogesha anaona kiwiko, halafu bega, halafu ubavu. Binamu yangu aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo lililompa nguvu ya kugeuza uso kutoka ukutani: kwamba kila mara alikuwa anaosha kiungo kimoja tu.

Bado kuna swali la nani afanye, na hilo kila familia ina kanuni zake. Mkwe hagusi. Mume na mke hawana tatizo, ila mara nyingi naye ni mzee na mgongo hauwezi. Kwa wengi wetu watu wepesi kuliko wote ni wajukuu, kwa sababu ya ule utani wa babu na mjukuu, bibi na mjukuu: bibi anayemwita mjukuu wake "mume wangu" au "mke mwenzangu" ameshavunja aibu nusu. Nimeona msichana wa miaka 19 akimsafisha babu yake huku wanatukanana kwa mapenzi, kitu ambacho mtoto wake wa kumzaa asingekithubutu. Kama hayupo wa kufaa, muulize mgonjwa mwenyewe, hata kama jibu ni la kutikisa kichwa. Tunapanga haya sebuleni kana kwamba mwenyewe ameshakufa.

Sasa maji. Yawe ya uvuguvugu, na yapimwe kwa kiwiko chako, kisha kwa mkono wa mgonjwa ulio mzima. Usiyapime kwa mkono uliopooza. Huenda hauhisi, na mtu anaweza kuungua bila kulalamika. Sabuni iwe ya kuogea na iwe kidogo. Sabuni ya mche iachwe kwenye nguo. Ngozi ya mwanadamu ina asidi kidogo na asidi hiyo ni sehemu ya ngao yake. Sabuni kali ya kipande ni kinyume chake, na kwa mzee ambaye ngozi imeshakuwa kama karatasi ya sigara, kuisugua na dodoki mara mbili kwa siku ni kumchubua. Najua kwetu pwani mtu asiyeoga asubuhi na jioni hahesabiki kuwa ameoga. Kwa mgonjwa wa kitandani mimi ningesema hivi: uso, kinywa, viganja, kwapa, chini ya matiti, kinena na sehemu za siri kila siku bila kukosa, na mwili mzima kadiri jasho na nguvu zake zinavyoruhusu.

Utaratibu wa kuosha unafuata sheria moja tu: toka kusafi kwenda kuchafu. Macho kwanza, kwa maji matupu, kutoka pembe ya puani kwenda pembe ya sikioni, kila jicho na upande wake wa kitambaa ili uchafu wa jicho moja usihamie jingine. Halafu uso, mikono, kifua, tumbo, miguu. Mgongo unafuata akiwa amegeuzwa ubavu. Sehemu za siri ni za mwisho, na kabla ya hapo maji yanamwagwa na kitambaa kinabadilishwa. Kwa mwanamke unafuta kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kinyume, kwa sababu vijidudu vya haja kubwa vikifika njia ya mkojo vinapanda kibofuni. Kwa mwanamume ambaye hakutahiriwa, govi linavutwa nyuma taratibu, panaoshwa, kisha govi linarudishwa mahali pake. Likiachwa limevutwa linaweza kukaba na kuvimba, na hiyo ni safari ya hospitali usiku.

Kuchamba, au kutawaza kama tunavyosema kwa heshima, kunastahili haraka kuliko kuoga. Mtu aliyejisaidia kwenye nepi akaachwa hadi "muda wa kuoga" ufike, ngozi yake inakaa ndani ya mkojo na kinyesi saa nzima au zaidi. Inalainika, inachubuka, na iliyochubuka ndiyo inayopasuka kwa urahisi ikigandamizwa. Nepi ya wakubwa ni ghali, kwa hiyo tunashawishika kuivuta hadi ijae. Afadhali kitambaa cha pamba juu ya shuka la mpira kinachobadilishwa kila kikilowa kuliko nepi ya bei inayokaa kutwa. Baada ya kukausha, kwa kugusagusa na si kusugua, paka mafuta ya mgando kidogo kama ukuta dhidi ya unyevu. Poda iacheni. Kwenye mikunjo yenye jasho inaganda vijidonge, na vijidonge hivyo vinakwaruza.

Kama kuna mpira wa mkojo, unaoshwa kwa maji na sabuni kila siku pale unapoingilia mwilini, ukifuta kutoka mwilini kwenda nje. Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu siku zote, hata wakati wa kumgeuza, ili mkojo usirudi ndani, lakini usilazwe sakafuni. Nimeona watu wakiubeba mfuko kifuani mwa mgonjwa wanapomhamishia kwenye kiti. Wanausahau hapo.

Turudi kwenye kile kifandugu. Vidonda vya kulalia havitokani na uchafu, ingawa uchafu unaviharakisha. Vinatokana na uzito. Pale ambapo mfupa uko karibu na ngozi, mishipa midogo ya damu inabanwa kati ya mfupa na godoro kama mpira wa maji uliokanyagwa. Damu haipiti. Nyama ikikosa damu saa kadhaa inaanza kufa, na mara nyingi inaanza kufa ndani, karibu na mfupa, huku juu ngozi bado nzima. Ndiyo maana kidonda hiki huonekana kama kimetokea ghafla usiku mmoja. Maeneo yake ni kifandugu, visigino, nyonga, vifundo vya miguu, viwiko, mabega kwa nyuma, kisogo, na hata masikio kwa anayelalia ubavu. Ni hayo hayo kwa kila mgonjwa. Ukiyapitia kila unapoogesha, huhitaji kubahatisha.

Vitabu vingi hufundisha kwamba dalili ya kwanza ni wekundu usioondoka ukibonyeza kwa kidole. Wekundu huo uko wazi kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu mara nyingi hauonekani kabisa, na mtu anayeusubiri atakuja kukutana na shimo. Kwenye ngozi nyeusi tafuta mahali palipokuwa peusi zaidi ya jirani yake au pa rangi ya zambarau, panapong'aa isivyo kawaida, halafu pagusie nyuma ya mkono wako: pana joto, au pamepoa, kuliko pembeni? Pagumu kama ndizi mbichi, au pamelegea kama iliyoiva sana? Mkono unajua kabla ya jicho. Kidonda cha shangazi nilikigundua kwa kugusa ule ugumu wake. Rangi peke yake ningeweza kuipita.

Dawa ya hatua hiyo ni kuondoa uzito, basi. Mgeuze kila baada ya saa 2, usiku na mchana, asilalie tena pale mpaka parudie hali yake. Alazwe kiubavubavu, mto mgongoni, na si wima kabisa juu ya mfupa wa nyonga. Mto mwingine kati ya magoti. Visigino vielee: weka mto chini ya mashavu ya miguu ili kisigino kisiguse kitu. Zile glovu zilizojazwa maji ambazo watu huweka chini ya visigino hazisaidii, wala ile pete ya nguo iliyoviringishwa au tairi la kukalia, kwa sababu inahamishia mgandamizo kwenye ukingo wake na kubana damu ya katikati. Na kukanda kwa nguvu pale palipobadilika rangi, kitu ambacho mashangazi na mabibi wote watakushauri pamoja na spiriti, kunaharibu nyama ambayo tayari inahangaika. Spiriti nayo inakausha ngozi. Ilikuwa desturi hata mahospitalini zamani, kwa hiyo msiwacheke.

Adui mwingine ni kuburuta. Mgonjwa ameteleza chini kitandani, watu wawili wanamshika kwapani wanamvuta juu. Ngozi inabaki kwenye shuka, mifupa inasonga, mishipa iliyo kati inakatika. Kanga iliyokunjwa na kutandikwa chini yake, kutoka mabegani hadi mapajani, ndiyo jibu: mmoja huku, mmoja kule, mnaikunja kingo hadi karibu na mwili, mnahesabu, mnainua na kusogeza. Msimvute kwa mkono uliopooza. Bega lake halina misuli ya kulishikilia na linaweza kuachia. Hata nguo zina utaratibu wake kwa sababu hiyo: wakati wa kuvaa, mkono mgonjwa unaanza, wakati wa kuvua, mkono mzima unaanza.

Ngumi nayo ina siri yake, na laiti mtu angetuambia mapema. Ukivuta vidole moja kwa moja, vinazidi kukaza. Kunja kwanza kifundo cha mkono kuelekea ndani, taratibu, kiganja kikielekea upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kifundo. Vidole vinalegea vyenyewe. Loweka katika maji ya uvuguvugu, osha kati ya vidole, kausha kabisa, kata kucha, kisha mwekee kitambaa laini kilichoviringishwa ashikilie. Kila siku. Kiganja cha shangazi kilikauka kwa wiki mbili.

Miguu ya mwenye kisukari inataka adabu zaidi. Usiiloweke. Ioshe, ikaushe hasa kati ya vidole, paka mafuta juu na chini lakini si katikati ya vidole. Kucha zikatwe kwa kunyoosha, bila kuchimba pembe. Sugu isikwanguliwe kwa wembe.

Kinywa ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Watu hudhani kwa vile hali sana, hachafuki. Ni kinyume: anayekula kwa mdomo mate yanamiminika na kusafisha; asiyekula, au anayepumua kwa mdomo wazi, kinywa kinakauka na utando unajijenga kwenye ulimi na meno. Utando huo umejaa vijidudu, na mgonjwa wa kiharusi ambaye kumeza kwake kumelegea huvuta mate hayo kidogo kidogo mapafuni akiwa amelala. Hapo nimonia inaingia. Nchini Japani watafiti walifuatilia nyumba 11 za kulelea wazee kwa miaka 2, wakatoa matokeo yao mwaka 2002: waliosafishwa kinywa baada ya kila mlo walipata nimonia wachache kuliko walioachwa kama kawaida, na vifo vya nimonia vilikuwa vichache. Zaidi kwa mswaki. Sijui dawa nyingine ya mapafu iliyo rahisi hivyo.

Mwinue akae, au kama haiwezekani mlaze ubavu, uso umeelekea chini kidogo ili maji yatoke na yasiingie kooni. Mswaki laini, maji kidogo sana. Kwa upande uliopooza, pitisha kidole kilichofungwa kitambaa ndani ya shavu. Utashangaa. Shangazi alikuwa na wali wa mchana saa 3 usiku, umekaa mule kama akiba, kwa sababu shavu halikuwa linauhisi. Mgonjwa asiye na fahamu usimtie kidole kati ya meno. Anaweza kung'ata bila kujua. Meno ya bandia yatolewe usiku na kuoshwa. Utando mweupe unaong'ang'ania ulimini na kuacha damu ukifutwa ni fangasi, unahitaji dawa.

Glovu ni za kugusa haja, damu na usaha. Kumnawisha uso mtu kwa glovu ni kumwambia anakutia kinyaa. Cha lazima ni kunawa mikono kabla na baada. Nguo zilizochafuka kwa damu au kinyesi loweka kwenye maji ya Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia: ile ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6. Kipimo hicho wengi wetu tulikisikia kwa wahudumu wa majumbani, waliokuwa wakipita na mabegi kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI kabla na baada ya serikali ya Tanzania kuanza kutoa ARV mwaka 2004. Watu wale walifundisha vijiji vizima namna ya kumgeuza mgonjwa. Ugonjwa ulipopata dawa, mafunzo yakapungua, wakati wagonjwa wa kiharusi na kisukari wanaongezeka majumbani.

Siku shangazi aliporuhusiwa hospitali tulipewa karatasi ya dawa na sentensi moja mlangoni: "Mgeuzeni kila saa 2." Hakuna aliyetuonyesha. Simlaumu sana nesi yule, wodi ilikuwa imejaa. Lakini fikiria ndugu zetu walioko Marekani wanaofanya kazi za kulea wazee: sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inataka msaidizi wa nesi katika nyumba za wazee asome angalau saa 75 na kupimwa. Saa 75, kwa kazi ambayo huku mpwa anakabidhiwa akiwa ameshika mfuko wa dawa. Ukiwa bado wodini, omba kuonyeshwa. Mwambie sista, "Naomba nimgeuze mimi, wewe unitazame." Wengi hukubali, na dakika 5 hizo zina thamani kuliko karatasi.

Kuna jambo la ibada ambalo familia za Kiislamu hulipuuza wakidhani mgonjwa amesamehewa yote. Shangazi alikuwa halii kwa maumivu, alikuwa analia adhana ikilia. Kumbe alijiona ana najisi na hawezi kuswali. Sheikh wa msikiti wetu alitufafanulia: asiyeweza maji anatayamamu kwa udongo safi, na asiyeweza kuzuia mkojo, kwa mafundisho ya Shafi tunayoyafuata pwani, anasafishwa, anafungwa kitambaa, anachukua udhu baada ya wakati kuingia, anaswali papo hapo akiwa amelala. Tangu hapo ratiba ya kumsafisha tuliipanga kwa adhana badala ya saa ya ukutani. Ikawa rahisi kukumbuka, naye akaanza kusaidia. Tukimpa kitambaa kwenye mkono wa kushoto anaosha uso mwenyewe, vibaya, maji yanamiminika hadi shingoni. Mwacheni. Anachoweza afanye, hata kikichukua dakika 10.

Hospitali pelekeni bila kungoja kupambazuke mkiona kidonda kinachonuka au chenye weusi katikati, homa, mkojo wenye damu au mpira usiotoa kitu kwa saa kadhaa, mguu mmoja uliovimba ghafla, au mgonjwa anayekoroma kifuani baada ya kula.

Binamu yangu sasa anamwogesha mama yake mwenyewe jioni, kanga mbili, kipande kwa kipande, macho yakiwa pale mkono ulipo. Shangazi maneno hayajarudi. Lakini kanga ikiteleza hata kidogo, mkono wa kushoto unatoka chini yake haraka kuliko mtu angedhani, unamzaba kofi la kwenye kifundo, na jamaa anairudisha mahali pake.